Neno "Mke" Halimo

Chepchirchir alimwoa Lenah mwaka wa elfu mbili na nne kwa ng'ombe sita, mbuzi watatu na blanketi moja. Blanketi lenyewe mama mkwe alilikataa, akasema lina rangi ya jela. Msomaji wa mbali asishtuke. Huku kwetu Boito, mwanamke akizeeka bila mtoto wa kiume, na mume wake ameshazikwa, anaweza kutoa mahari yake mwenyewe akaoa msichana, na watoto wa msichana huyo wakawa watoto wa nyumba yake na warithi wa shamba lake. Yeye huitwa mume. Ile kazi nyingine ya mume haimhusu, na anayeifanya huwa haulizwi jina. Chepchirchir alizoea kusema kwamba katika waume wote wa Boito ni yeye peke yake ambaye hajawahi kurudi nyumbani akiwa amelewa, isipokuwa mara mbili.

Lenah alimzalia watoto wawili, Kipkemoi na Jentrix. Walikuwa na ekari mbili na nusu za chai, ng'ombe wa gredi mmoja mwenye hasira, na nyumba ya mabati. Kwa miaka ishirini hakuna mtu aliyeuliza swali.

Aliyekuja kuuliza ni Kipkurui, mtoto wa ndugu ya marehemu. Hati ya shamba bado ilikuwa na jina la marehemu, na korti ndiyo ingesema nani aandikwe mahali pake. Kipkurui akavaa suti akaenda kusema kwamba mama yake mkubwa amezeeka bila mrithi. Huyu Lenah, alisema, si mke wa mtu. Ni kibarua wa kuchuma majani aliyetolewa Fort Ternan, akapewa chumba, akazalia humo. Shamba lirudi kwa ukoo, yaani kwake.

Na ushahidi aliokuwa nao ulikuwa umeandikwa na Chepchirchir mwenyewe, kwa kidole chake, kila Jumamosi, kwa miaka miwili.

Hapo ni lazima nieleze habari ya Jani. Mkulima wa chai analipwa mwisho wa mwezi, na bonasi mara moja kwa mwaka, na katikati anakula hewa. Kwa hiyo vijana fulani wa kompyuta walianzisha pesa ya simu isiyokuwa na benki wala mwenyewe, wakaiita Jani. Wakulima wakawa wanalipana kwayo, kibarua, maziwa, mbolea, mpaka mwezi uishe. Ilikuwa na mashine saba katika sehemu saba za Kericho na Bomet. Moja ilikaa kwa Joram, mwenye agroveti, duka la mbegu na dawa za mifugo, hapa Boito, na nyingine kwa Wacera kule Fort Ternan. Kila mashine ilikuwa na kitabu kimoja na kilekile. Ukimtumia mtu Jani, mashine zote zinaandika, na kitu kikishaandikwa hakifutiki. Joram hawezi kukifuta, na askofu hawezi.

Pembeni mwa kila malipo palikuwa na nafasi ya herufi themanini ya kusema ni malipo ya nini. Na hata hizo themanini zilichujwa. Mashine ilikuwa na orodha ya maneno kama mia mbili: kilo, majani, maziwa, kibarua, mbolea, ng'ombe, usafiri na mengine ya aina hiyo, pamoja na majina ya watu na nambari. Neno lisilokuwamo, malipo yote yalirudishwa.

Jumamosi ya kwanza Chepchirchir alimtumia Lenah pesa ya matumizi, akaandika: "Kwa mke wangu Lenah, ya sukari na unga." Ikarudi. Akatuma tena, ikarudi. Akateremka mpaka kwa Joram akiwa amebeba simu kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa.

"Kogo, neno mke halimo," Joram alimwambia. Alikuwa Mkikuyu aliyezaliwa hapahapa, na kama watu wote wa Boito alimwita Chepchirchir Kogo, yaani nyanya.

"Halimo wapi? Mimi ninaye nyumbani."

"Kwa orodha. Hiki ni kitabu cha malipo. Mtu halipi mke wake."

"Wewe humlipi? Ndiyo maana Jecinta amekonda."

Jecinta, mke wa Joram, alikuwa akipima dawa ya kupe nyuma ya kaunta, akacheka mpaka akamwaga. Joram alikuna kichwa. "Chagua kibarua tu, Kogo. Itapita."

Akachagua kibarua, ikapita. Tangu siku hiyo kila Jumamosi kitabu kiliandikwa: "Lenah, kibarua." Na kwa kuwa mdomo wa Chepchirchir haujui kukaa kimya hata ukiwa kwenye simu, mara nyingine aliongeza: "Lenah, kibarua, kilo 3 tu." Lenah alikuwa akisoma jikoni, anamjibu kwa sauti kupitia dirisha kwamba atahamia kwa tajiri mwingine, na wanacheka wote wawili.

Kipkurui aliyachapisha malipo hayo yote, maana kitabu cha Jani kilikuwa wazi kwa kila mtu. Ilikuwa mistari mia moja na nne.

Hakimu alikuwa mtu mpole mwenye miwani ya kusomea. Alisikiliza pande zote. Chepchirchir alikuwa na karatasi ya Johana, mzee wa Sigowet aliyewafunga nyasi za segutiet mikononi siku ya ndoa. Wazee wengine watatu waliokuwapo walikuwa wameshakufa, na Johana mwenyewe alikuwa mgonjwa asiyeweza kufika kortini. Karatasi ilisema ndoa ilikuwapo, na chini yake palikuwa na alama ya kidole cha Johana. Kipkurui naye akatoa karatasi ya Johana. Ilisema hakumbuki ndoa yoyote, na chini yake palikuwa na kidole kilekile.

Hakimu alizilinganisha, akaziweka kando kama mtu anayesukuma sahani ya chakula kilichoharibika.

"Mama, kidole kimoja kimesema ndiyo na hapana," alisema. "Lakini hiki kitabu, nimeelezwa, hakuna anayeweza kukibadilisha. Na hapa wewe mwenyewe unasema kibarua, mara mia moja na nne. Una chochote katika kitabu hichohicho kinachosema vingine?"

"Kilikataa, mheshimiwa. Neno lenyewe halimo."

Watu walicheka kortini. Hakimu hakucheka. Alimpa wiki nane alete ushahidi mwingine.

Sasa, Chepchirchir alisoma mpaka darasa la sita tu, lakini hakuwa mjinga. Alikaa juu ya gunia la chakula cha ng'ombe pale kwa Joram, akamwambia amsomee orodha yote ya maneno, moja moja, kama anayesomewa majina ya waliofaulu. Walipofika kwenye ng'ombe alimsimamisha. Walipofika kwenye mbuzi akainuka.

"Mahari yangu imo," alisema. "Neno mahari halimo, lakini wanyama wenyewe wamo."

Akamtumia Lenah Jani moja na kuandika: "Lenah, ng'ombe 6, mbuzi 3." Mashine haikubisha. Siku hiyo alinunua soda mbili, moja yake na moja ya Jecinta, na alipopanda kurudi nyumbani alikuwa akisalimia watu ambao kwa kawaida hawasalimii. Nani atapeleka ng'ombe sita kwa kibarua?

Baada ya siku kumi wakili wa Kipkurui aliandika barua. Joram alimsomea kwa sauti ya chini. Barua ilisema kwamba mama huyu, kwa ukarimu wake, amekubali hata kumlipa mfanyakazi wake kiinua mgongo cha mifugo tisa, na kwa hiyo Lenah hamdai mtu chochote tena.

Chepchirchir alianza kucheka. Alicheka vizuri, kwa kuwa alijua mchezo mzuri akiuona, hata ukichezwa dhidi yake. Halafu kicheko kikakatika katikati, akakaa.

"Joram," alisema, "wewe ndiye uliniambia nichague kibarua."

"Ndiyo, Kogo."

"Sikulaumu. Nakukumbusha tu."

Joram aliikunja ile barua mara nne, akaikunjua, akaikunja tena.

Wakati huo Wacera wa Fort Ternan alikuwa ameshapiga kelele mwaka mzima kwamba kile kichujio kiondolewe, watu waandike maneno yoyote, na herufi themanini ziwe kurasa. Mkutano uliitishwa katika ukumbi wa kanisa Boito, wenye mashine wote saba waje waseme. Sheria ya Jani ilikuwa nyepesi: kila mwenye mashine anapakia programu anayoitaka, na wanne kati ya saba wakipakia mpya, hiyo ndiyo inayoongoza kitabu.

Joram alisimama kwanza. Hakuwa msemaji, na aliongea akitazama viatu vyake.

"Mashine yangu iko juu ya friji ya chanjo," alisema. "Niliinunua mimi. Stima nalipa mimi. Nimebeba malipo yenu bure kwa sababu malipo ni kitu kidogo, na ni kitu kinachosaidia. Lakini mkifungua mlango huu, mtu atanibebesha picha za harusi yake. Mwingine mahubiri. Mwingine atanitupia uchafu ambao siwezi kuonyesha Jecinta, na sitaweza kuutoa. Hautatoka mwakani, hautatoka milele. Nani kati yenu amewahi kubeba kitu milele? Hiki ni kitabu cha pesa. Mwenye hadithi anunue daftari."

Wacera aliuza mbegu na vifuniko vya simu pale karibu na reli, na alikuwa na ulimi wa mtu aliyezoea wateja wa kukopa.

"Joram, nani alikuteua mchungaji wa maneno?" aliuliza. "Anayelipa ada ya kuandika aandike, haikuhusu ameandika nini. Na tuseme ukweli, mnachuja nini? Kuna mwanamume ninamjua anamtongoza mke wa mtu kwa kilo za mbolea, kila wiki, na kichujio chenu kinapitisha. Waongo wameshajifunza orodha. Mnaowazuia ni wakweli peke yao." Akageuka akamtazama Chepchirchir. "Muulizeni huyo."

Chepchirchir hakuwa na mashine, kwa hiyo hakuwa na kura, lakini katika ukumbi ule hakuna aliyethubutu kumkalisha. Alisimama akishikilia benchi la mbele.

"Mimi nina mke," alisema. "Kitabu chenu kikaniambia sina, nina kibarua. Nikasema sawa, ni sukari tu, ipite. Sasa korti inasema kitabu hakidanganyi. Kweli hakidanganyi, lakini kilinidanganyisha mimi. Kuna mzee mmoja Sigowet aliyeona, na kidole chake kimeshaharibiwa. Imebaki mdomo. Nipeni nafasi ya mdomo wa mtu mmoja, kabla haujafungwa."

Joram aliuliza taratibu: "Na Kipkurui naye akiandika, Kogo?"

"Aandike. Mimi siogopi maneno ya Kipkurui. Naogopa yangu."

Kura zilikuwa nne kwa tatu. Kichujio kikaondolewa. Joram alisema yeye atabaki na kile cha zamani, kwamba mashine yake itaendelea kuandika malipo na kuruka mengine, na hatakasirika na mtu. Wakati wa kutoka Wacera alimshika Chepchirchir mkono na kumweleza utaratibu mpya. Maneno yanapanga foleni. Anayelipa ada kubwa anaandikwa kwanza. Kinachokaa kwenye foleni siku kumi na nne bila kuandikwa kinaanguka.

"Foleni nimeizoea," Chepchirchir alisema. "Nimewahi kungoja mbolea ya serikali."

Siku tatu baadaye yeye na Lenah walikwenda Sigowet. Johana alikuwa amelala chumba cha mbele, redio kifuani, miguu imevimba. Alipowaona alizima redio na kufunika uso kwa mkono.

"Chamgei," Chepchirchir alimsalimu.

"Chamgei mising," Johana alijibu nyuma ya mkono. "Umekuja kunigombeza."

"Nimekuja kukuuliza bei. Karatasi ya Kipkurui ilikuwa na sukari kilo ngapi?"

"Mbili."

"Yangu ilikuwa na moja. Kosa ni langu."

Mzee alicheka, akakohoa muda mrefu, na Lenah akamwinua na kumpa mursik kidogo, maziwa ya mgando, kwa kikombe. Baada ya hapo alikuwa mtu mwingine. Ilikuwa kama alikuwa akingoja kuulizwa mambo yale kwa mdomo, bila karatasi. Lenah alichukua simu ya Johana, kwa sababu ilikuwa lazima maneno yatoke kwenye simu yake mwenyewe, na akaandika kila kitu alichosema.

Alisema ilikuwa Desemba na mvua ilikuwa imekataa kwisha. Alisema ng'ombe wa tatu alikuwa na pembe moja, na watu wa Fort Ternan waligoma saa nzima kwa sababu ya pembe hiyo. Alisema yeye Johana alikata segutiet kwa mkono wake, chini ya shamba la kanisa, akamfunga Chepchirchir kwanza halafu msichana, na msichana alikuwa akitetemeka, na Chepchirchir akamwambia usiogope, mimi sikoromi. Alisema wazee walicheka na mmoja wao akaombwa atoke nje. Alitaja majina ya wote waliokuwa ndani, waliokufa na waliohamia. Alisema mara mbili kwamba Kipkurui alikuwapo, mtoto wa miaka kumi, na kwamba alikula nyama ya shingo.

Lenah alikuwa akiandika na kupangusa skrini kwa kanga. Zilifika kurasa tano. Ada Chepchirchir aliilipa yeye. Alimtumia Johana Jani zote alizokuwa nazo, maana ndizo ambazo simu ya mzee ingelipa nazo. Johana akaomba simu, akageukia ukuta asionekane, akaweka nambari yake ya siri na kubonyeza.

"Nambari hiyo ni ya nini?" Chepchirchir alimtania. "Mwaka aliozaliwa Yesu?"

"Hata ukinizika hutaijua," alisema Johana.

Walirudi nyumbani wakiwa wepesi. Nitasema wazi kwamba hiyo ndiyo siku ya mwisho ya furaha katika hadithi hii. Anayetaka kuishia hapa aishie.

Kwenye mashine ya Joram maneno hayo hayakuonekana, kwa kuwa Joram alikuwa na kitabu cha zamani. Ilibidi wampigie Wacera kila jioni. Jioni ya kwanza Wacera alisema yako foleni. Ya pili, yako foleni. Ya tatu jibu lilibadilika.

"Kogo, mlango tuliufungua na kila mtu ameingia," alisema. "Kuna mtu anayetaka udiwani, ametupa picha ya uso wake mara mia mbili. Kuna kanisa linaandika Biblia yote kuanzia Mwanzo, wamefika Walawi. Wengine ni picha za kuku wa kuuza. Wote wamelipa ada kubwa kuliko yako."

"Na Kipkurui?"

"Ameshaandikwa. Jana."

Kipkurui alikuwa ameandika kurasa kumi na mbili. Na alikuwa ameweka picha, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona katika Jani kabla ya wiki hiyo: Lenah kati ya vibarua wengine kwenye kituo cha kununulia majani, kikapu mgongoni, aproni ya mpira kiunoni, akisubiri kupimiwa. Ilikuwa picha ya kweli. Kila mke wa mkulima Boito angekuwa na picha kama hiyo, kama angepigwa.

"Niongeze ada," Chepchirchir alisema. "Nitauza yule ng'ombe mkali."

"Ada inaongezwa na aliyetuma, Kogo. Lazima Johana mwenyewe, kwa simu yake."

Aliuza ng'ombe alfajiri ya siku iliyofuata, kwa bei ya mtu mwenye haraka, na kabla ya saa sita walikuwa Sigowet. Kitanda kilikuwa kimekunjwa godoro. Mkaza mwana wa Johana aliwaambia mzee amepelekwa hospitali usiku na hazungumzi. Simu ilikuwa kwenye rafu, chini ya kalenda, imejaa chaji. Lenah aliishika na kuiwasha, ikauliza nambari. Walijaribu mwaka aliozaliwa Johana, na mwaka aliobatizwa, na nambari ya ng'ombe wake wa kwanza. Simu ikajifunga.

Johana alikufa siku ya kumi na moja ya ile foleni. Chepchirchir alikwenda kwenye mazishi akakaa mbali na jeneza, kwa sababu alijijua: alikuwa na hamu ya kuligonga na kuuliza. Kipkurui alikuwapo, alitoa mchango mkubwa, akatajwa kwa kipaza sauti.

Siku ya kumi na nne, jioni, Wacera alipiga simu mwenyewe.

"Imeanguka, Kogo."

"Imeanguka wapi?"

"Haijaanguka mahali. Haipo tena."

"Si mlisema hakifutiki?"

"Kikishaandikwa. Hii ilikuwa njiani tu." Chepchirchir alisikia garimoshi likipita huko upande wa Wacera, refu, na wote wawili waliliacha lipite. "Nisamehe," Wacera alisema. "Mimi ndiye niliyepiga kelele kifunguliwe."

"Na Joram ndiye aliyesema nichague kibarua," Chepchirchir alisema. "Ninyi watu mnaomba msamaha vizuri sana. Nitawajengea kanisa."

Kortini hakimu alisoma kwa nusu saa. Alisema anasikitika. Alisema mila ya mwanamke kuoa mwanamke anaijua na anaiheshimu, ila anayedai lazima aithibitishe, na mbele yake kuna kitabu kisichobadilika chenye mistari mia moja na tano ya mama mwenyewe, hata ile ya kiinua mgongo. Shamba aandikwe Kipkurui. Mama akae katika nyumba yake mpaka mwisho wa maisha yake. Lenah, kwa kuwa ni mfanyakazi aliyelipwa haki zake zote, aondoke pamoja na wanawe ndani ya siku thelathini.

Nje, Kipkurui alimsogelea mama yake mkubwa na kumwambia, kwa heshima, kwamba hana ubaya na mtu. Lenah akitaka anaweza kubaki kuchuma. Atamlipa kama wengine.

"Ulikula nyama ya shingo," Chepchirchir alimwambia.

Kipkurui alimtazama kama mtu asiyesikia vizuri. Labda kweli hakukumbuka. Alikuwa na miaka kumi.

Jani yenyewe haikuishi muda mrefu baada ya hapo. Mashine ya Sigowet ilijaa picha ikazima. Wawili wa upande wa Kericho walizima zao kwa hasira, wengine wawili kwa sababu ya stima. Wakulima walipoona malipo ya maziwa yanasubiri nyuma ya uso wa mtu wa udiwani siku tatu, walirudi kwa daftari la duka. Mtu wa udiwani akaondoka, na kanisa likaishia Kumbukumbu la Torati. Kitabu kikabaki wazi, kitupu, bila foleni.

Siku ya ishirini na sita kati ya zile thelathini, Joram alimwita Chepchirchir dukani. Alikuwa ameipakia ile programu mpya kwenye mashine yake. Hakueleza kwa nini, na Jecinta, aliyekuwa nyuma ya kaunta, hakumwuliza.

"Ada sasa ni kama bure," alisema. "Andika unachotaka. Andika mpaka uchoke."

Chepchirchir alikaa juu ya gunia akaandika kwa kidole kimoja kuanzia saa nne mpaka saa tisa. Hakuwa na maneno ya Johana, hayo yalikwenda na simu yake, kwa hiyo aliandika yake. Aliandika pembe moja. Aliandika blanketi. Aliandika neno mke kila mahali lilipotoshea na mahali ambapo halikutoshea. Aliandika kwamba "kibarua" ilikuwa sukari na unga, Jumamosi zote mia moja na nne, na kwamba "kilo 3 tu" ilikuwa mzaha, na akaeleza mzaha huo kwa hakimu, polepole, kama anavyoelezwa mtoto, mpaka haukuchekesha tena. Alipomaliza alimpa Joram abonyeze, maana kidole kilikuwa kimekufa ganzi.

Haikuchukua hata dakika.

"Imeingia," Joram alisema. "Haifutiki tena."

"Iko kwa mashine ngapi?"

Joram alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. "Mbili. Hii na ya Wacera. Ya Wacera leo haina stima."

"Na nani huisoma?"

"Kogo, mtu yeyote anaweza kuisoma."

"Nimeuliza nani."

Friji ya chanjo ilinguruma chini ya mashine ikanyamaza. Nje Lenah alikuwa ameshafika na pikapu ya kukodi: vitanda viwili, sufuria, kuku kwenye kreti, Kipkemoi na Jentrix wamekaa juu ya magodoro. Walikuwa wakienda Fort Ternan kwa kaka yake, bondeni kwenye miwa, ambako chai haimei. Chepchirchir alikuwa na haki ya kubaki katika nyumba yake mpaka afe. Hakimu aliandika hivyo na kupiga muhuri. Alikuwa na umri wa miaka sabini na sita, na hakujua kukata miwa.

Aliinuka kutoka kwenye gunia, akakung'uta unga wa pumba kwenye rinda.

"Lenah akikuuliza," alimwambia Joram, "mwambie watu wanaisoma. Mwambie jana walikuwa wengi."

"Sawa, Kogo."

"Usimwambie sana. Anajua ukidanganya, unatazama viatu."

Akatoka. Dereva alikuwa amemwachia kiti cha mbele, lakini alimwambia Jentrix akae hapo, akapanda nyuma, akasukuma kreti ya kuku, na kukaa kwenye godoro kando ya mke wake.